Kila Picha Ina Mtu

Matema,
21 Januari 2024

Kwa mkamwana wangu,

Ugonile, umeamkaje? Zamani ungemjibu mama mkwe wako, naye angeniletea jibu barazani huku akicheka. Tulinagwe hayupo tena, kwa hiyo jijibu mwenyewe huko huko. Sisi hatujambo. Kokoa imezaa, magoti yangu ni yaleyale. Wifi yako Kisa anakuja kila Jumamosi kutoka Kyela mjini, anafua, ananigombeza kama vile yeye ndiye aliyenizaa, halafu anaondoka.

Naandika kwa kalamu na sababu unaijua. Wewe ni mke wa mwanangu. Tangu Ambrose akuoe sijakutazama usoni wala hatujasemezana. Ukipita, mimi naangalia migomba. Nikipita mimi, wewe unajifunika kanga na kupinda njia. Baba yangu aliishi hivyo na marehemu Tulinagwe mpaka anaingia kaburini, na hiyo ndiyo heshima tuliyoachiwa. Najua kuna Wanyakyusa siku hizi wanakaa meza moja na wakamwana zao wanagombania kitoweo. Shauri yao. Barua haina macho wala sauti, ndiyo maana hapa naweza kukusemesha.

Jambo lenyewe ni hili. Ambrose alianguka kutoka kwenye meli yake mbele ya mji unaoishi, na mpaka leo hawajamwona. Matanga yako wazi. Mdogo wangu Yakobo na wazee wa ukoo wanasema tuzike mgomba mahali pa mwili, tunyoe, watu warudi kwenye mpunga wao. Lakini matanga ya mume hayafungwi bila mke. Njoo, mwanangu. Nauli tutahangaika nayo huku.

La pili. Siku ile alipoanguka, tarehe tisa Novemba, simu ya marehemu mama mkwe wako ililia. Mimi si mtu wa simu, ila ilikuwa mezani na Kisa hayupo, nikaipokea. Nikasikia mwanamke anasema, "Baba." Nikajua ni wewe, nikakata. Ikalia tena, nikakata tena. Ikalia tena, nikaifunika na mto wa kiti. Nilijua ukiwa na shida utampigia Kisa, na kweli ulimpigia, akanifikia na habari kesho yake asubuhi. Sasa nauliza: pale mwanzo ulitaka kuniambia nini?

Na unitumie picha za meli kama zamani. Za karatasi, za kushika.

Mimi baba wa mumeo,
Andongwisye


Helsingør,
25 Februari 2024

Baba,

Shikamoo. Nimejijibu mwenyewe kama ulivyoagiza: ndaga, asante, nimeamka. Kule kwetu Makwale mdogo wangu Jubilate amepata mtoto wa kike, mama anasema ana mdomo kama wangu, maskini wa Mungu. Mimi bado nipo kwenye nyumba ile ya kulelea wazee. Kuna bibi mmoja aliyewasahau wanawe wote, kila asubuhi ananiita kwa jina la dada yake aliyekufa zamani. Mwanzoni nilikuwa namrekebisha. Siku hizi naitika tu, anafurahi, tunakunywa chai.

Picha hizi hapa. Ambrose alikuonyesha nyingi lakini sidhani kama aliwahi kukueleza pakoje, maana yeye akifika likizo alikuwa anakula na kulala. Bahari hapa ni nyembamba. Ng'ambo ya hii Denmark ni Sweden, naona mpaka madirisha ya nyumba zao. Meli zinapita mbele yangu mchana na usiku, kubwa kuliko kanisa letu, na hazisimami. Juu ya ukuta wa mawe wanakaa watu ambao starehe yao ni kuzipiga picha. Wana viti vya kukunja, wana chupa za kahawa, na simu zao zinawaambia meli hii inaitwa nani na inakwenda wapi. Nilipofika niliwaona hawana akili nzuri. Mtu mzima na mvua yote ile anangoja meli ambayo haijui hata kama yupo!

Halafu Ambrose akapata kazi ya ubaharia kwenye Ingerlise, nami nikawa mmoja wao. Ilikuwa inapita hapa bila kutia nanga, kwa hiyo mke kumwona mume ilikuwa ni kusimama ukutani na kamera. Yeye alikuwa anafunga kanga yangu ya njano kwenye vyuma vya pembeni, halafu anasimama hapo anapunga mikono yote miwili kama mtu anayefukuza ndege kwenye mpunga. Ndizo picha mlizobandika sebuleni.

Ingerlise bado inapita. Wameipaka rangi upya. Naipiga picha, na nyingine zote nazipiga.

Kuja, Baba, siwezi sasa hivi. Likizo ningeweza kuomba. Lakini watu wa hapa wanasema bahari wakati mwingine inamrudisha mtu, na akirudishwa mimi nipo Matema nimenyoa kichwa, atapokewa na nani?

Kuhusu simu, tuyaache.

Wako mtiifu,
Mke wa Ambrose


Matema,
28 Aprili 2024

Kwa mkamwana wangu,

Picha zimefika, bahasha imelowa pembeni lakini zenyewe nzima. Huku mvua imetukomesha. Mpunga wa Ngonga umelala majini, Yakobo ana mashamba yake kule, kanuna na mbingu na ardhi na mimi pia. Umpongeze Jubilate. Mwambie mtoto akiwa na mdomo kama wako atakuwa mwalimu au mke wa mchungaji.

Nimezitazama hizo picha kwa kioo changu cha kusomea Biblia. Mwanzo nikasema, mbona zamani alikuwa anatuma meli nzuri, nyeupe, jua limewaka, na sasa ananiletea hizi zenye kutu na moshi? Nikatazama tena. Kila picha ina mtu. Yupo mmoja anavuta sigara, yupo mwenye kofia ya chuma, mmoja ameinama kama anaosha kitu. Wadogo kama chawa, lakini wapo. Umechagua zile zenye watu. Sikuulizi kwa nini. Mimi mwenyewe niliwatazama mmoja mmoja hadi taa ikaniishia mafuta.

Sasa nikupe habari ya kukufurahisha, maana barua zetu zimekuwa za kilio tu. Unamkumbuka Aliko wa nyumba ya chini, yule mwenye mapacha? Wiki iliyopita alikwenda kuvua, ukungu ukashuka kutoka milimani ukafunika ziwa lote. Unanyoosha mkono huuoni. Tukafanya kama tunavyofanya siku zote hapa Matema. Watu wote tukashuka mchangani na kunyamaza, watoto tukawaziba midomo, kwa sababu sauti zikiwa nyingi aliye majini hajui aifuate ipi. Baba yake peke yake akasimama kwenye maji mpaka magotini akamwita. Jina tu. Aliko! Aliko! Yule mzee ana pumu, unamjua, lakini aliita kama tarumbeta ya kanisani. Tukakaa, tukakaa, mama yake ameshaanza kujifunga kanga kiunoni. Mara tukasikia kasia.

Aliko anasema alikuwa amepotea kabisa, anaelekea Malawi huku akidhani anakuja nyumbani, ndipo akasikia jina lake nyuma yake, akageuza mtumbwi. Tulicheka, tukaimba, mimi nilicheka mpaka nikalia. Nikasema hii nitamwandikia mke wa Ambrose afurahi.

Matanga bado yanakungoja. Yakobo ananisumbua, lakini mimi nipo.

Na lile swali langu hujanijibu.

Andongwisye


Helsingør,
30 Juni 2024

Baba,

Shikamoo. Mimi ni mzima. Makwale hawajambo.

Barua yako nimeipata. Nafurahi kwa ajili ya mama mapacha.

Safari hii sina picha. Sijaenda ufukweni.

Naomba mfunge matanga bila mimi. Mzike huo mgomba.

Asifiwe


Matema,
11 Agosti 2024

Kwa mkamwana wangu,

Kisa anakusalimu, na wazee wa baraza la kanisa wanakusalimu, waliuliza habari zako Jumapili nikawaambia uko salama. Nilidanganya, maana sijui. Nilitaka kukutumia mchele wetu kidogo, Kisa akaubeba mpaka posta, wakamwangalia kama mwehu, akarudi nao. Tumeupika. Haukuwa na ladha.

Barua yako niliipindua nyuma nikidhani imeendelea. Nikamwita Kisa aitazame. Aliisoma, akanitazama, akaenda jikoni. Nikamfuata: nimesema nini? Akasema, "Baba, mimi sijui alichotaka siku ile, kwangu alikuwa analia tu. Muulize yeye." Nimekuuliza tangu Januari!

Yakobo alipopata habari kwamba umeruhusu, alikuja na panga, ameshachagua na mgomba wenyewe, ule wa nyuma ya zizi. Nikamwambia, gusa huo mgomba tuone tutakayemzika ni nani. Hatusemezani sasa. Nimegombana na mdogo wangu kwa ajili ya mwanamke nisiyeujua uso wake, na sijutii.

Lakini nimechoka. Usiku naota simu inalia chini ya mto. Kama nimekukosea, nitukane. Niandikie tusi lenyewe, nitalisoma. Ukinyamaza nitajua umenikatia simu kama nilivyokukatia, na nitakuwa nimestahili.

Andongwisye


Helsingør,
8 Septemba 2024

Baba,

Shikamoo. Jubilate anasema mtoto ameanza kukaa. Yule bibi wa kazini amefariki. Mpaka siku ya mwisho aliniita dada yake, na niliitika. Basi, hizo ndizo habari. Sasa nakuambia, maana umeomba.

Siku ile nilikuwa ukutani na kamera. Ingerlise ikatokea, nikavuta lenzi, nikaitafuta kanga ya njano, haipo. Nikasema, amelala huyu, kanisahau. Nikapiga picha huku nimenuna. Halafu meli ikapunguza mwendo. Baba, hapa meli hazipunguzi mwendo. Ikaanza kugeuka. Bibi mmoja wa viti vya kukunja, anayesikiliza redio ya mabaharia, akasimama kahawa ikammwagikia. Akasema mtu ameanguka majini. Hakusema nani, na mimi sikuuliza.

Boti za uokoaji zikatoka, helikopta ikaja. Na ukungu ukaanza kushuka, ukungu wa Novemba, ule ule wa kwenu, unanyoosha mkono huuoni.

Mimi ni mtu wa Makwale. Sisi tuna mpunga na kokoa, hatuna mtu wa kupotelea ziwani. Lakini Ambrose alinisimulia. Alisema alipokuwa mdogo alichukua mtumbwi wa mjomba wake akapotea kwenye ukungu, na wewe ukasimama majini ukamwita mpaka ukatema damu. Alikuwa anaisimulia hata kwa watu wasiojua Matema iko wapi. Alisema, "Mimi nikisikia sauti ya mzee nageuka hata nikiwa usingizini."

Nilimwita, Baba. Nilimwita mpaka sauti yangu ikakauka, wale watu wa viti wakanishika mabega. Halafu nikakumbuka kwamba si mke anayeita. Ni baba.

Ndipo nikakupigia. Sikupiga kukupa habari. Nilitaka nifungue spika, niiinue simu juu ya ule ukuta, umwite. Hilo tu. Sikuhitaji unisemeshe mimi, hata ungenigeuzia mgongo kwenye simu ningeelewa. Bado walikuwa wanamtafuta. Maji ya hapa ni baridi na mtu hadumu, lakini muda huo ulikuwa bado upo, Baba, ulikuwepo. Nikasema, "Baba," ukakata. Nikapiga, ukakata. Mara ya mwisho ililia, ikalia, na mimi nimeinyoosha simu kuelekea baharini, inalia tu.

Halafu unaniandikia habari ya Aliko ili nifurahi.

Najua asingesikia. Helikopta ilikuwa inanguruma, simu yenyewe ina sauti ya mbu. Najua! Usiniandikie kwamba asingesikia, nitaichana hiyo barua.

Na ndiyo sababu siji. Nikija nitakaa wapi? Nyuma ya nyumba, nimejifunika gubigubi, namlilia mume wangu huku nimempa mgongo mtu pekee duniani anayemlilia kama mimi? Siwezi. Nimemlilia kwa niaba yenu nyote kutoka hapa, inatosha.

Asifiwe


Matema,
6 Oktoba 2024

Asifiwe,

Habari za nyumbani atakuandikia Kisa. Mimi leo sina.

Barua yako nilikaa nayo kanisani, nikakaa nayo shambani. Siku ya tatu nikaenda kwa Yakobo, nikamwambia nataka kumtoa ng'ombe, yule mwekundu, niondoe mwiko kati yangu na mkamwana wangu. Yakobo akasema mkamwana mwenyewe yuko wapi wa kumpokea? Nikamsomea barua yako yote kwa sauti. Hakumaliza kusikiliza, alitoka nje akashika nguzo ya zizi. Kaka zako wa Makwale wamekuja, wamempokea ng'ombe kwa niaba yako, tumekula pamoja. Imekwisha. Sasa wewe ni binti yangu na jina lako nalitamka, kama unavyoona hapo juu.

Hiyo heshima niliitunza maisha yangu yote na niliona ni kitu kizuri. Mpaka leo naona ni kitu kizuri. Lakini mwanangu alikuwa majini na mimi nimeweka mto juu ya simu. Sina namna ya kulisema hili vizuri, kwa hiyo naliacha hivyo.

Sikuandikii kwamba asingesikia. Umenikataza, na mimi pia sitaki kuambiwa.

Tarehe tisa Novemba, mchana, nenda pale pale ukutani. Nitapiga mimi. Wewe usiseme kitu. Fungua spika uinue simu juu. Nitamwita, kwa sababu sijamwita.

Baba yako,
Andongwisye


Helsingør,
10 Novemba 2024

Baba,

Shikamoo. Leo naanza na ya kwako kabla ya salamu za Makwale, kwa sababu jana wewe ulikuwa unaita tu, hukuona.

Nilifika mapema. Hapakuwa na ukungu, palikuwa na jua la baridi lisilopasha kitu. Watu wa viti vya kukunja walikuwepo, nikawaambia baba mkwe wangu atapiga simu kumwita mwanawe. Nilidhani wataniuliza maswali. Yule bibi alizima redio yake, wengine wakaweka kamera chini. Nikawaeleza kwamba wanyamaze, aliye majini asichanganyikiwe, na wale watu wa Denmark wakanyamaza kama wamezaliwa Matema.

Simu ikalia. Nikafungua spika. Kwanza lilisikika ziwa, mawimbi yale madogo ya asubuhi na jioni niliyokuwa nayasikia nikiwa nimejifunika. Nikajua umesimama majini, na magoti yako hayo! Nikamsikia Kisa akikohoa. Halafu ukamwita.

Nilikuwa sijawahi kuisikia sauti yako, Baba, zaidi ya kikohozi nyuma ya migomba. Ni ya Ambrose. Hakuna aliyeniambia. Ni sauti yake ileile, imezeeka tu, imefika umri ambao yeye hataufikia. Ukamwita, ukanyamaza kama unasikiliza, ukamwita tena. Meli moja ndefu ya mizigo ilikuwa inapita, na mtu mmoja kwenye sitaha alisimama akatutazama. Sikumpiga picha. Nilimwacha aende zake.

Hakugeuka, Baba. Najua ulikuwa unasikiliza kama kuna kasia. Hakuna kilichokuja.

Halafu ukanyamaza kwa muda mrefu, nikajua umemaliza. Kidole changu kilikuwa tayari kukata. Ukaita tena, kwa nguvu ileile, na nilidhani bado ni yeye, mpaka nilipolisikia jina. Asifiwe! Ukarudia. Asifiwe! Ukaniita kama vile mimi ndiye niliye majini na siioni nchi kavu. Nilisimama na simu juu ya kichwa, uso nimeuinua, machozi yananiingia masikioni.

Uliniambia nisiseme kitu, na nilivunja agizo lako. "Abee, Baba." Nadhani uliisikia, kwa sababu ndipo ulipoanza kulia.

Likizo nimepewa, nitafika kabla ya Krismasi. Mwambie baba mdogo Yakobo auache ule mgomba uzae. Wenye meli walinirudishia vitu vyake, na kanga ya njano imo, imekunjwa vizuri, hakuifunga siku hiyo. Nakuja nayo. Tutaizika hiyo, na tutanyoa, na tutafunga matanga.

Kisa asinifuate stendi, najua njia. Na nikitokea pale kwenye kona ya kwenu, Baba, nakuomba usiangalie migomba.

Asifiwe wako